Vishikwambi 40 au projekta moja? Ulinganisho kwa wanaotaka kuipelekea shule teknolojia

Mwaka jana kundi letu la WhatsApp la waliomaliza pamoja darasa la saba lilifanya jambo ambalo makundi ya namna hiyo huishia kuliahidi tu: lilichanga. Mweka hazina akatuma picha ya salio, mwenyekiti akaandika, "Ndugu wajumbe, fedha ipo. Tunainunulia nini shule yetu?" Kufika saa nne usiku simu yangu ilikuwa na ujumbe zaidi ya 200. Ndugu yetu aliyeko Dubai alitaka vishikwambi 40. Fundi umeme aliyeko Arusha alitaka projekta. Dada mmoja, muuguzi, akauliza kama kuna aliyewauliza walimu wenyewe wanataka nini, na swali lake likapita bila mtu kuligusa. Kisha mwenyekiti akakumbuka kwamba niliwahi kushika chaki miaka 14. "Mwalimu, tuletee ulinganisho. Jumapili tunapiga kura."

Yafuatayo ndiyo niliyowaandikia, nimeyarefusha kidogo. Shule yenyewe ni ya msingi, ya serikali, iko mkoani Tanga. Ina umeme unaokatika, madarasa yenye watoto 70 hadi 90, na fundi wa kompyuta wa karibu yuko mjini, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi. Kama shule yako iko tofauti na hiyo, ongeza au punguza.

Kuna mjumbe aliyetaka kwanza tujadili kama teknolojia darasani ina faida au ina hasara. Sikumjibu pale pale. Katika ofisi ya walimu sijawahi kusikia swali hilo likiulizwa hivyo. Redio ni teknolojia, na simu iliyo mfukoni mwa mwalimu wa zamu ni teknolojia. Mwalimu huuliza mambo mengine: kifaa gani, kitashikwa na nani, kwa kipindi gani, na kikizima katikati ya somo nifanye nini na watoto 80 wanaonitazama.

Projekta na kompyuta mpakato ya mwalimu

Nianze na hiki kwa sababu nimekitumia zaidi, na kwa sababu hesabu yake ni rahisi. Kifaa kimoja, mwalimu mmoja, darasa zima linaona. Fikiria somo la Sayansi kuhusu mzunguko wa damu. Ubaoni ninachora moyo unaofanana na embe lililokanyagwa, naweka mishale, watoto wananakili embe langu. Kwenye ukuta mweupe moyo unadunda, vali zinafunguka na kufunga, na swali la kwanza linatoka kwa mtoto ambaye tangu mwezi wa kwanza hajawahi kunyoosha mkono. Vivyo hivyo kwa ramani, kwa mlipuko wa volkano, kwa sehemu ambazo historia na jiografia zinahitaji macho. Kuna pia video za Kiswahili zilizotengenezwa hapa hapa kwetu. Ubongo, ya Dar es Salaam, imekuwa ikitoa vibonzo vya hesabu na sayansi tangu 2014, na mtoto wa kijijini havimwonei kwa lugha.

Sasa hasara. Ya kwanza ni mwanga. Madarasa yetu yana madirisha makubwa, mengine ni nondo tupu bila vioo, na saa tano mchana jua linaingia kama limealikwa. Projekta ndogo za bei ya kutupa zinazouzwa mtandaoni, zenye maandishi ya kujisifu ya lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 9,000, hazioni kitu mbele ya jua hilo. Tafuta yenye lumeni 3,000 au zaidi zilizopimwa kwa kipimo cha ANSI, yaani kwa kiwango rasmi, na neno hilo ulione limeandikwa kwenye karatasi ya kifaa, si kwenye maneno ya muuzaji. Halafu utahitaji mapazia. Turubai jeusi linatosha, ila darasa la watoto 80 lililofunikwa turubai ni tanuri. Baada ya dakika 25 hakuna anayesikiliza.

Ya pili ni taa. Projekta za taa ya kawaida hudumu saa elfu chache kabla taa haijafifia, na taa mpya inaweza kula sehemu kubwa ya bei ya projekta yenyewe. Za LED au leza hufika saa 20,000. Ni ghali zaidi siku ya kununua, ila kwa shule isiyo na fungu la kubadilisha taa naona hizo ndizo za bei nafuu.

Ya tatu inatuhusu sisi walimu. Projekta humgeuza mwalimu mvivu kuwa mwendesha sinema. Nimeona kipindi kizima kikipita watoto wakinakili maandishi kutoka ukutani, yale yale yaliyomo kwenye kitabu, tofauti ikiwa kwamba sasa yanang'aa. Kifaa hakikuwa na kosa lolote pale.

Wengine waliuliza: kwa nini si televisheni kubwa? Swali zuri. Televisheni haihitaji pazia, haina taa ya kuungua, inatumia umeme mdogo. Shida yake ni kimo. Kwa kanuni wanayoitumia mafundi, mtu husoma maandishi vizuri akiwa mbali kwa takriban mara 6 ya kimo cha picha. Televisheni ya inchi 55 ina kimo cha sentimita 68 hivi, kwa hiyo mwisho wa kusoma ni mita 4. Darasa letu lina mita 8 toka ubao hadi ukuta wa nyuma. Nusu ya watoto wataangalia rangi zikicheza. Kwa darasa la watoto 30 ningechagua televisheni bila kufikiri mara mbili.

Vishikwambi vya wanafunzi

Hapa ndipo ndugu yetu wa Dubai alipopiga kambi, na hakuwa hana hoja. Mkoa wetu wenyewe una kisa chake. Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi mwanzoni mwa 2019, watoto takriban 2,700 katika vijiji karibu 170 vya Tanga walipewa vishikwambi kwa ajili ya shindano la Global Learning XPRIZE. Wengi wao walikuwa hawajawahi kukanyaga shule, na zaidi ya 9 kati ya 10 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Vituo vya kuchajia kwa sola vilijengwa vijijini. Programu zilikuwa za Kiswahili, na hakukuwa na mwalimu. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imeshuka sana. Zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa mwaka 2019 kati ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion, na programu za waliofika fainali ziliachwa wazi, mtu yeyote anaweza kuzichukua bure.

Kwa hiyo kishikwambi kinaweza kumfundisha mtoto. Lakini soma tena masharti: mtoto mmoja, kifaa kimoja, programu iliyotengenezwa mahsusi kwa Kiswahili chake na kwa kiwango chake, na watu wa kuhakikisha chaji ipo. Tena wale walikuwa watoto wasiokuwa na shule kabisa. Kumlinganisha mtoto huyo na wa darasa la pili mwenye mwalimu na madaftari ni kulinganisha aliyekuwa na kiu na aliyekwisha kunywa.

Ukitaka kuona kifaa bila masharti hayo, nenda Peru. Serikali ya huko ilisambaza kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za msingi vijijini kupitia mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto. Watafiti walipopima katika shule 319, baada ya miezi 15 hivi, alama za hesabu na lugha za waliopata kompyuta hazikuwa tofauti na za waliokosa. Rwanda nayo ilianza na kompyuta hizo hizo mwaka 2008, ikagawa zaidi ya 200,000, kisha ikageukia madarasa maalumu ambako vifaa hukaa shuleni na kutumiwa kwa zamu.

Delhi ilikuwa kinyume. Mwaka 2015 watoto walioshinda bahati nasibu waliingia vituo vya baada ya masomo vyenye programu iitwayo Mindspark, na kwa miezi minne na nusu tu walipanda wazi kuliko wenzao, hasa katika hesabu. Siri yake naijua kwa uchungu, maana ndiyo iliyonishinda darasani. Mtoto wa wastani wa darasa la 6 pale alikuwa nyuma madarasa mawili na nusu katika hesabu, na programu ilimpa maswali ya pale alipo kweli, si ya pale mtaala unaposema awepo. Mimi mwenye watoto 84 nilifundisha hesabu za sehemu kwa watoto ambao robo yao walikuwa bado wanahangaika na kutoa kwa kukopa. Nilijua. Sikuwa na mikono ya kutosha. Kishikwambi chenye programu nzuri kinaweza kuwa mikono hiyo, na hii ndiyo faida moja ya kifaa cha mwanafunzi ambayo projekta haiwezi kuigusa.

Rudi sasa kwenye shule yetu. Vishikwambi 40, watoto 80. Wawili wawili? Katika kila jozi mmoja atabonyeza na mwingine atatazama, na nimeona mara nyingi anayetazama akiwa msichana. Kwa zamu? Basi nusu ya darasa inafanya nini wakati huo, na nani anaisimamia? Kutoa vifaa stoo, kuvihesabu, kuvigawa, kuwasubiri ambao vyao havijawaka, kuvikusanya na kuvihesabu tena: kipindi cha dakika 40 kinabaki 20. Kuna masanduku yanayochajia vifaa vyote kwa pamoja. Wakenya wa kampuni ya BRCK walitoa moja mwaka 2015, Kio Kit, vishikwambi 40 ndani ya sanduku moja la kubeba, na wazo hilo ni la mtu aliyewahi kuingia darasa halisi.

Kuhusu umeme nilishangaa nilipopiga hesabu. Kishikwambi cha kawaida kina betri ya takriban 5,000 mAh. Kuchaji 40 kutoka sifuri ni kama uniti moja tu ya LUKU. Projekta ya wati 250 ikitumika saa mbili inakula nusu uniti. Bili haitamtisha mtu. Kinachotisha ni soketi: darasa letu lina mbili, moja imelegea. Vifaa vinaishia kurundikwa kwenye waya mmoja wa ekstensheni uliounganishwa na mwingine, ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu, juu ya madaftari. Kwa shule ya sola hesabu inabadilika kabisa. Paneli ya wati 100 kwenye siku ya jua zuri hutoa umeme wa kuchaji chini ya nusu ya vishikwambi hivyo, au wa kuendesha projekta saa moja na nusu hivi ikiwa betri ni nzuri. Kompyuta za mezani 20 usizitaje.

Kilichotokea Kisumu

Nilitaka hoja hii ikae peke yake kwa sababu ndiyo iliyobadilisha kura yangu.

Wakenya wameijadili habari hii kuliko sisi. Ahadi ya kampeni ya 2013 ilikuwa kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Ilipoanza kutekelezwa mwaka 2016 ilikuwa imegeuka vishikwambi, na zaidi ya milioni moja vilisambazwa katika shule za msingi za umma. Lakini kabla ya hapo, katika kaunti ya Kisumu, lilifanyika jaribio dogo la usomaji wa madarasa ya mwanzo. Kundi moja la shule, vishikwambi walipewa maafisa wanaozunguka kuwatembelea walimu na kuwaelekeza, watu kama Maafisa Elimu Kata wetu. Kundi la pili walipewa walimu. Kundi la tatu, wanafunzi wenyewe walipewa vifaa vya kusomea.

Watoto wa makundi yote matatu walisoma vizuri kuliko wale wa shule ambazo hazikupewa chochote. Ila kati ya makundi yenyewe hakukuwa na tofauti ya maana. Tofauti ilikuwa kwenye gharama, kwa sababu kumpa afisa mmoja kifaa ni rahisi mno kuliko kuwapa watoto wa shule zote anazozizungukia. Kenya ilipoanzisha mpango wa kitaifa wa usomaji, Tusome, mwaka 2015, ilifuata njia hiyo: kitabu cha karatasi kwa kila mtoto, mwongozo kwa kila mwalimu, na kishikwambi kwa yule anayekuja kukaa nyuma ya darasa, kutazama kipindi, kusikiliza watoto watatu wakisoma, kisha kuzungumza na mwalimu.

Nilipoiweka habari hii kwenye kundi kulikuwa kimya dakika kadhaa. Halafu ndugu wa Dubai akaandika, "Kwa hiyo tumnunulie Afisa Elimu Kata?" Watu wakacheka. Walimu wa serikali tayari wamegawiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, kwa hiyo hatukuwa na haja. Lakini alikuwa ameelewa: swali la kushikwa na nani linakuja kabla ya swali la vingapi.

Chumba cha kompyuta

Nitapita haraka. Kwa shule ya sekondari yenye somo la kompyuta kwenye ratiba na mwalimu aliyelisomea, chumba hiki kina maana. Mtoto anatoka akijua kuandika kwa vidole kumi na kupanga jedwali. Kwa shule ya msingi nimeona vingi mno vikiwa na kufuli lililoota kutu. Kompyuta za mtumba hufika zikiwa zimebakiza miaka miwili ya uhai. Mashine 20 zenye skrini zinahitaji kilowati 2 hadi 3 kwa wakati mmoja, maana yake waya mpya na fundi wa kweli. Na popo, kama jengo lina dari, watakushukuru kwa joto.

Maktaba isiyohitaji bando

Hiki ni kifaa ambacho wachangiaji hawakijui kwa sababu hakipendezi kwenye picha ya makabidhiano. Ni kikompyuta cha ukubwa wa kiganja, kama Raspberry Pi, kinachotumia umeme mdogo kuliko balbu. Ndani yake unaweka programu ya bure kama Kolibri, unapakia masomo ukiwa mjini penye intaneti, kisha unakipeleka shuleni. Kinatoa Wi-Fi yake chenyewe. Simu ya mwalimu, kishikwambi cha Sensa, mpakato, vyote vinaingia na kusoma bila bando. Yaliyomo kwa Kiswahili ni machache kuliko ya Kiingereza, ila yapo, vibonzo vya Ubongo vikiwemo. Ongeza na vitabu vya kiada kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambavyo mwalimu anaweza kuvishusha bure.

Kasoro yake ni moja na ni nzito: anahitajika mtu mmoja shuleni anayekielewa. Akihamishwa kituo, na walimu huhamishwa, kifaa kinageuka uzito wa kukandamizia karatasi.

Redio, na spika ya flashi

Watoto wa siku hizi wakisikia redio darasani wanacheka, na wafadhili pia. Lakini kati ya vyote hivi, redio ndiyo iliyojaribiwa muda mrefu zaidi. Zanzibar ilikuwa na Tucheze Tujifunze, kipindi cha watoto wadogo ambamo sauti ya redioni huuliza, hunyamaza kidogo watoto wajibu kwa pamoja, huimba, huwaamuru wasimame, wahesabu vidole, wazunguke. Mwalimu hupata wa kumwongoza bila kuaibishwa mbele ya darasa, na kwa mwalimu wa kujitolea wa maandalizi asiye na mafunzo mengi, hilo ni jambo kubwa.

Udhaifu wa redio ulikuwa saa. Kipindi kinarushwa saa tatu, na saa tatu mvua inanyesha juu ya bati, basi. Leo udhaifu huo umeondoka. Spika ndogo yenye tundu la flashi, ile ile wanayoitembeza wauza dawa za panya sokoni, inacheza somo lililorekodiwa wakati wowote, unalisimamisha, unalirudia. Kwa bei ya projekta moja unapata nyingi. Kwa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), kwa matamshi ya Kiingereza ambayo sisi walimu wengi tunayakosea, na kwa hadithi, sijaona kinachoizidi kwa thamani ya shilingi.

Simu

Wanafunzi wa shule zetu hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na sioni sababu ya kubadili hilo kwa shule ya msingi. Ripoti ya UNESCO ya 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilionya kwamba mwanafunzi aliyevurugwa na simu anaweza kuchukua hadi dakika 20 kurudi kwenye umakini wake. Mwaka huo huo serikali ya Sweden, nchi ambayo vishikwambi vilikuwa vimefika hadi chekechea, ilitenga fedha za kurudisha vitabu vya karatasi. Niliitaja Sweden kwenye kundi kwa sababu kuna mjumbe aliyekuwa akirudia "wenzetu walioendelea". Haya, wenzetu walioendelea wananunua vitabu.

Simu ya mwalimu ni habari nyingine. Ndiyo teknolojia inayotumika kuliko zote katika shule za Tanzania na haimo kwenye orodha ya mfadhili yeyote. Walimu hutumiana mitihani ya majaribio, maandalio, picha za kurasa za kitabu kisichopatikana. Bando linatoka mfukoni mwao. Nilipendekeza tuchangie bando la walimu na nikashindwa kwa kura nyingi, kwa hoja kwamba halipigiki picha. Hoja yenyewe haikusemwa kwa maneno hayo, ila ndiyo iliyokuwa.

Mtoto asiyeona ubao

Kuna hali moja inayopindua ulinganisho wote. Katika shule yetu wapo watoto watatu wenye uoni hafifu, wawili wao wana ualbino. Kwa mtoto mwenye ualbino, kukaa mbele hakutoshi. Ubao mweusi wenye mng'ao wa dirisha ni ukungu kwake. Mpe kishikwambi: anapiga picha ubao, anaikuza kwa vidole viwili, anasoma kwa kasi yake. Kitabu cha kiada kinakuzwa vivyo hivyo, na programu ya kusoma kwa sauti inamsaidia macho yanapochoka. Kwake kifaa cha binafsi kiko kwenye fungu moja na miwani. Projekta, kwa darasa zima ni baraka, lakini kwake ni ukuta mwingine ulio mbali. Katika ujumbe wote ule wa usiku ule hakuna aliyemtaja, nami sikumtaja hadi mwalimu mkuu aliponikumbusha nilipompigia simu.

Nilivyopanga kura yangu

Shule isiyo na umeme kabisa, au yenye sola ndogo: spika za flashi kwa madarasa ya chini na vitabu. Usiende mbali zaidi ya hapo mwaka wa kwanza.

Shule yenye umeme na madarasa makubwa kama yetu: projekta ya LED na mpakato mmoja, spika mbili tatu, na maktaba isiyo na bando kama kuna walimu wawili, si mmoja, waliokubali kujifunza kuiendesha. Vishikwambi vya watoto wenye uoni hafifu vitangulie kabla ya hayo yote.

Shule ya watoto wachache, 30 hadi 40 kwa darasa, yenye chumba salama, na yenye programu ya Kiswahili iliyokwisha kuchaguliwa kabla ya kifaa: hapo vishikwambi vya wanafunzi vina nafasi ya kuleta kile kilichoonekana Delhi. Lakini viende kwa KKK na hesabu kwa saa maalumu za wiki. Kuvitawanya kwenye kila somo ni kuvipoteza. Ukimuuliza muuzaji mtoto atafungua programu gani siku ya kwanza na akakujibu kwa kutaja ukubwa wa kioo, ondoka dukani.

Na kwa hali yoyote, zuia sehemu ya fedha isiguswe. Mimi nilipendekeza robo. Robo hiyo ni ya mapazia, soketi mpya, kabati la chuma, nauli ya fundi, na siku mbili za walimu kukaa na vifaa wakiharibu na kutengeneza bila mwanafunzi kuwaona. Nilibishiwa sana hapo. "Tunachangia kabati?" Ndiyo, kabati. Shule moja niliyofundisha ilipoteza mipakato yake yote wikiendi ya kwanza ya likizo, kupitia dirisha la nondo nyembamba, na mlinzi hakuwa amelipwa miezi mitatu.

Jumapili kura zilipigwa. Tulinunua vishikwambi vitatu kwa wale watoto watatu, projekta moja, mpakato mmoja wa mtumba ulio imara, spika nne. Robo iliyozuiwa ikawa sehemu ya tano badala ya nne, baada ya maridhiano. Mwalimu wa darasa la nne ameshatuma video ya watoto wakishangilia sayari zikizunguka jua, na nyuma yake mtu anasikika akisema, "Funga turubai, funga turubai."

Ndugu wa Dubai hajakata tamaa. Kila mwisho wa mwezi anauliza lini tutaanza mchango wa vile 40. Mimi humjibu kwa swali: ufunguo wa stoo unakaa kwa nani, na siku akiwa msibani nani anafungua? Wiki iliyopita hatimaye aliniandikia kwamba amempigia mwalimu mkuu kumuuliza, na kwamba mwalimu mkuu ameomba muda wa kufikiri.